Msanii Tajiri Akitembeza Bakuli kwa Mashabiki

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mweka hazina wa kundi la mashabiki wa msanii mmoja mkubwa wa hapa Dar es Salaam. Ametangaza kwamba anataka kutengeneza filamu yake mwenyewe, na ametoa namba ya simu ili tumchangie kuanzia shilingi 20,000 kila mmoja, akiahidi kwamba majina yetu yataonekana mwishoni mwa filamu. Sote tunajua kwamba ana nyumba Mbezi Beach, magari na mikataba ya matangazo. Nusu ya wenzangu wanasema ni aibu mwenye nacho kumwomba asiye nacho, na nusu wanasema kuomba si kosa. Je, ni sawa? Na mimi niwaambie nini wenzangu? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Marahaba, dada yangu. Kundi lenu limegawanyika kwa sababu linabishana juu ya nyumba ya Mbezi Beach, na ubishi wa namna hiyo hauna mwisho, kwa kuwa hakuna kati yenu aliyeona hati ya nyumba wala mkopo uliojengea. Mimi ni mhasibu, na kwa miaka mingi nimekagua vitabu vya miradi ya muziki na filamu. Katika kazi hiyo nimejifunza kuuliza kwanza fedha ya nani itatangulia kupotea mradi ukienda kombo. Hilo ndilo nitakalolijibu kwa urefu, lakini siwezi kuliruka suala la utajiri, maana ndilo linalowachoma wenzako.

Katika jiji hili hakuna anayekataa kadi ya mchango wa harusi kwa sababu bwana harusi ana uwezo. Wakurugenzi wanachangisha, wafanyabiashara wa Kariakoo wanachangisha, na kamati zao huketi vikao vilevile vinavyoketiwa Mbagala, mweka hazina akisoma nani ametoa na nani bado yuko kwenye ahadi. Hatuoni aibu katika jambo hilo kwa sababu mchango wa harusi ni deni linalozunguka: leo nimekuchangia wewe, kesho mwanangu akiposwa utanichangia mimi, na daftari la kamati lina kumbukumbu ndefu kuliko ndugu wengi. Uwezo wa mwombaji hauingii katika hesabu hiyo, kwa kuwa anaomba kitu ambacho naye atakilipa. Msanii wenu hatakuja kwenye kikao cha harusi ya mwanao. Gurudumu halitarudi upande wenu, na hapo ndipo panapozaa ile hisia ya aibu ambayo nusu ya kundi inashindwa kuieleza vizuri. Mnapoombwa na mtu ambaye hatawalipa kwa njia ya kawaida ya watu wetu, mna haki ya kuuliza atawalipa kwa njia gani nyingine.

Wanaosema kwamba sanaa yetu imeishi kwa michango tangu zamani wanasema kweli, ila wanasema nusu ya kweli. Katika taarabu tunamtunza mwimbaji kwa noti ukumbini, na katika muziki wa dansi mapedeshee wamelipa na majina yao yakatajwa ndani ya nyimbo, jambo ambalo halitofautiani sana na ahadi ya jina lako kuonekana mwishoni mwa filamu. Lakini angalia mpangilio: noti ya kutunza hutoka wakati wimbo unaimbwa, mtunzaji akiwa amekwisha kusikia anacholipia. Kadhalika vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1905, vilisimama kama vyama, na mwanachama wa chama ana kauli ndani yake. Uchangishaji wa mtandaoni unachukua tunzo kabla ya wimbo, na hauwapi watoaji uanachama. Sisemi kwamba kwa hiyo ni haramu; nasema tu kwamba ni kitu kipya, na hakiwezi kujificha nyuma ya mila.

Mabishano yenu yalikwisha kutokea Marekani, kwa ukali zaidi, mwaka 2013. Jukwaa la kuchangisha mtandaoni la Kickstarter lilifunguliwa Aprili 2009, likieleweka kwamba ni mahali pa wasanii wasiojulikana: mtu hutangaza mradi na kiasi anachohitaji, watu huahidi fedha, na kiasi kisipotimia hakuna anayekatwa hata senti. Kikitimia, jukwaa huchukua asilimia 5, na watoaji hupata zawadi zilizoahidiwa, lakini hawapati hisa wala gawio, kwani kanuni za jukwaa hilo zinakataza kuahidi faida ya fedha. Kisha, Machi 2013, mwandishi na mtayarishaji Rob Thomas, pamoja na mwigizaji Kristen Bell, waliomba dola milioni 2 ili tamthilia ya televisheni Veronica Mars, iliyokuwa imekatishwa mwaka 2007, igeuzwe filamu. Kiasi hicho kilitimia kabla ya siku kwisha, na mwishowe watu 91,585 walitoa dola milioni 5.7, yaani wastani wa dola 62 kwa kila mtu. Mwezi uliofuata mwigizaji Zach Braff naye aliomba dola milioni 2 kwa ajili ya filamu yake Wish I Was Here, akapata milioni 3.1 kutoka kwa watu 46,520. Julai ya mwaka huohuo mwongozaji wa filamu Spike Lee akaomba milioni 1.25 na kupata zaidi ya milioni 1.4. Ndipo kelele zikawa kubwa: hawa wana fedha, wana majina, wana namba za simu za matajiri wenzao, wanatafuta nini kwa wauza duka na wanafunzi?

Ili kulijibu swali hilo kwa haki, inafaa kuelewa kwa nini mtu mwenye mali hatumii mali yake. Sababu ya kwanza ni ya kawaida tu: mali si fedha taslimu. Nyumba hailipi mpiga picha, na msanii mwenye magari matatu anaweza kushindwa kulipa mishahara ya mwezi mmoja ya watu arobaini walio kazini. Sababu ya pili ni kwamba filamu ni biashara ya hatari, na wanaoijua hukwepa kuweka akiba yao humo. Sababu ya tatu ndiyo aliyoitoa Braff, na mimi naiheshimu: mwekezaji anapoweka fedha hudai neno la mwisho, yaani nani aigize na filamu ikatwe wapi, na msanii anayetaka kazi yake ibaki yake hutafuta fedha isiyo na kauli. Ipo na ya nne, ambayo haitajwi katika video za kuchangisha. Fedha ya shabiki ni rahisi kuliko fedha yoyote nyingine duniani. Benki inataka riba na hati, mdhamini anataka bidhaa yake ionekane, mwekezaji anataka hisa. Shabiki anataka fulana na jina lake kwenye skrini. Msanii mkubwa anayo milango hiyo mingine. Anaweza kukopa kwa kuweka nyumba rehani, anaweza kwenda kwenye vituo vya televisheni vinavyonunua filamu zetu, anaweza kuzungumza na kampuni ambazo tayari anazitangaza. Akiiacha yote na kuja kwenu, inawezekana anafuata uhuru wa kazi yake, na inawezekana anafuata bei nafuu. Kwa nje mambo haya mawili yanafanana kabisa.

Namna ya kuyatofautisha ni kuangalia hasara imepangwaje, na mfano ulio bora unatoka kwa Spike Lee mwenyewe, ila si ule wa mwaka 2013. Alipokuwa akitengeneza filamu ya maisha ya Malcolm X, iliyotoka mwaka 1992, gharama zilizidi na kampuni iliyotoa dhamana kwamba filamu itakamilika ikaishika kazi. Lee aliweka ndani sehemu ya ujira wake, kisha akawaendea Wamarekani weusi wenye uwezo, miongoni mwao Oprah Winfrey, Michael Jordan, Magic Johnson, Janet Jackson na Prince, nao wakatoa fedha kama zawadi, bila kudai hisa wala kurudishiwa. Huo nao ulikuwa mchango. Lakini aliyeomba alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni mwake, na walioombwa walikuwa watu ambao fedha hiyo ikipotea hawataikosa sokoni kesho yake. Mwaka 2013, watu 6,421 ndio waliochangia filamu yake nyingine, kwa wastani wa zaidi ya dola 220. Kati yao alikuwamo mwongozaji Steven Soderbergh, aliyetoa dola 10,000, na wengi wengine ambao hatuwajui. Sidhani kwamba Lee alifanya vibaya. Ila nikipewa vitabu vya michango yote miwili nivikague, ule wa 1992 ndio ambao ningeutia sahihi bila kusita.

Kuhusu Braff, kilichomharibia si utajiri. Katika tangazo lake alisema kwamba ataweka fedha yake pia na kwamba filamu itauzwa mapema nje ya Marekani. Lakini Mei 2013, michango ikiwa bado inaingia, ilitangazwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kwamba kampuni ya Worldview Entertainment itatia fedha ya kuziba pengo, na watoaji wengi waliona wamedanganywa. Hawakuwa wamedanganywa, kwa kadiri ninavyoyasoma maelezo yake ya mwanzo. Hata hivyo hakuwa amewawekea mezani bajeti nzima: jumla kiasi gani, kipi kinatoka kwake, kipi kwa wanunuzi wa nje, kipi kwa watoaji. Mtu akichanga bila kujua jumla, kila fedha mpya inayotokea huonekana kama siri iliyofichuka. Januari 2014 filamu hiyo ilinunuliwa na Focus Features kwenye tamasha la Sundance kwa dola milioni 2.75, na katika fedha hiyo wale watu 46,520 hawakuwa na sehemu, kama kanuni zilivyosema tangu mwanzo.

Kwa Veronica Mars kasoro ilikuwa nyingine, na kwenu inaweza kuwa ndiyo ya kutazama zaidi. Haki za tamthilia ile hazikuwa za Rob Thomas. Zilikuwa za studio ya Warner Bros. Mashabiki walitoa fedha kwa sura waliyoipenda, na aliyemiliki kitu ni kampuni ambayo isingefilisika kwa kuilipia filamu yenyewe. Filamu ilipotoka, Machi 2014, nakala za kidijitali walizoahidiwa watoaji zilipitia mfumo uliochaguliwa na studio, wengi wakashindwa kuzifungua au wakauona ni usumbufu, na studio ikalazimika kuwarudishia fedha waliokwenda kununua kwingine. Kwa hiyo muulizeni msanii wenu, kwa adabu, filamu itakuwa mali ya nani: yeye, kampuni yake, au kituo cha televisheni ambacho ameshaahidiana nacho? Mchango kwa msanii ni jambo moja. Mchango kwa kampuni kupitia uso wa msanii ni jambo lingine, na bei yake haipaswi kuwa ileile.

Hoja kwamba vigogo huwanyang'anya wasanii wadogo riziki ilizungumzwa sana wakati ule. Kickstarter walijitetea kwa takwimu zao: kati ya watu walioletwa na michango ya Veronica Mars na Braff, asilimia 63 hawakuwahi kuchangia chochote kwenye jukwaa hilo kabla, na kufikia Mei 2013 wageni hao walikuwa wametoa zaidi ya dola 400,000 kwa miradi mingine 2,200. Nakubali kwamba hiyo si sifuri. Lakini ukiiweka kando ya zaidi ya dola milioni 8 zilizokwenda kwa vigogo wawili, inakuja takriban senti tano kwa kila dola, na anayezitoa takwimu hizo ndiye anayekula asilimia 5 ya kila mchango unaofanikiwa, kwa hiyo tuzipokee kama tunavyopokea sifa za posa kutoka kwa mshenga. Kwetu hapa hata hizo senti tano hazipo. Msanii anayechangisha kwa namba yake ya simu hana jukwaa ambalo shabiki, akishamaliza kumchangia, ataona pembeni kijana wa Temeke mwenye kamera moja naye anaomba. Fedha inaingia kwenye simu moja na safari yake inaishia hapo.

Kuna aina moja ya uchangishaji wa watu wenye uwezo ambayo sina neno nayo, nayo ni ile ambayo kwa kweli ni mauzo ya mapema. Mwaka 2022 mwandishi Brandon Sanderson, ambaye hakuwa fukara hata kidogo, alitangaza kwamba ameshaandika riwaya nne kimyakimya na akaomba dola milioni 1 ili kuzichapa na kuzituma. Watu 185,341 walitoa zaidi ya dola milioni 41. Fedha ni nyingi mno, lakini tazama: vitabu vilikuwa vimekwisha kuandikwa, kila mtoaji alijua ananunua nini, na hatari iliyobaki ilikuwa ya uchapaji na posta. Huyo si mwombaji, ni mwenye duka anayepokea oda. Kama msanii wenu angesema kwamba shilingi 20,000 ni tiketi ya onyesho la kwanza pamoja na nakala ya filamu, na filamu imeshapigwa imebaki kuhaririwa, ningekujibu kwa mistari miwili. Jina kwenye skrini halina gharama kwake, na katika soko la kawaida halina bei.

Msidhani pia kwamba umaarufu peke yake unatosha kukusanya. Mwaka huohuo wa 2013 mwigizaji Melissa Joan Hart aliomba dola milioni 2, akaona ahadi zimekwama karibu na dola 50,000, akafuta mradi. Kwa kuwa Kickstarter haimkati mtu kabla ya kiasi kutimia, mashabiki wake hawakupoteza kitu. Kwenu je? Msanii akihitaji, tuseme, milioni 200, na zikaingia milioni 30, hizo 30 zinakwenda wapi? Kwenye simu ya mtu binafsi hakuna kanuni ya "yote au basi". Fedha ikishaingia imeingia. Hili, kwa maoni yangu, ndilo tundu kubwa kuliko yote katika michango ya namna hii hapa Dar es Salaam, na linazibika kirahisi. Kila muamala wa simu una kumbukumbu ya namba iliyotuma, kwa hiyo kurudisha fedha kunawezekana, iwapo mchangishaji ametamka tangu mwanzo kiasi anachohitaji, tarehe ya mwisho, na kwamba zisipotimia zitarudi. Vilevile fedha hiyo ikae kwenye akaunti ya benki ya mradi, yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Niliwahi kukagua mchango wa msanii mmoja, simtaji, ambao ulipokewa kwenye simu yake ya kila siku. Hakuiba, lakini ada ya shule ya mtoto, mafuta ya gari na malipo ya mwigizaji vilikuwa vimechanganyika kiasi kwamba yeye mwenyewe alishindwa kuniambia filamu imegharimu kiasi gani. Fulana za zawadi alikuwa hajazipigia hesabu kabisa, wala nauli ya kuzipeleka mikoani.

Kukosea kutimiza ahadi hutokea hata kwa waaminifu. Utafiti wa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliotoka mwaka 2015 baada ya kuwahoji watoaji wapatao 47,000, ulikuta kwamba karibu asilimia 9 ya miradi ya Kickstarter iliyofanikiwa kupata fedha haikuwapa watoaji kile walichoahidiwa. Hiyo ni mahali penye jukwaa, kanuni na kumbukumbu za wazi.

Na jambo la kisheria, kwa ufupi. Ikiwa katika vikao vyenu mtu atapendekeza kwamba msanii awaahidi sehemu ya mapato ya filamu ili mambo yawe ya haki, mwambieni ashuke polepole. Mtu akiuomba umma fedha kwa ahadi ya faida, anaingia katika eneo linalosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana chini ya sheria ya mwaka 1994, lenye taratibu za idhini na waraka wa matarajio, na si jambo la kufanyika kwenye kundi la WhatsApp. Walioishi hapa mwaka 2009 wanaukumbuka upatu wa DECI na watu waliopanda fedha wakingoja kuvuna. Mchango ubaki mchango, au uwe mauzo; msiugeuze uwekezaji kwa maneno ya mdomo.

Sasa kwa wenzako. Mimi naona msanii mwenye uwezo anaweza kuwachangisha mashabiki wake bila aibu yoyote iwapo yeye ndiye atakayeumia wa kwanza: ameweka fedha yake, ameitaja kwa tarakimu, na imeanza kutumika kabla ya ya kwenu. Wewe ni mweka hazina, kwa hiyo una nafasi ambayo shabiki mmoja mmoja hana. Mwandikieni barua moja kwa jina la kundi, mkimwuliza bajeti nzima ni kiasi gani na yeye ameweka kiasi gani hadi leo. Filamu itamilikiwa na nani. Na isipofika kiasi, fedha inarudi lini. Msiulize habari za nyumba. Msitume kitu kabla ya jibu, na msikubali jibu la sauti kwenye simu. Liwe la maandishi ili lisomwe mbele ya wote. Akijibu vizuri, kila mtu atoe kwa hiari yake kile ambacho asingekidai hata filamu isingetoka, na wewe uweke orodha kama ya kamati ya harusi. Asipojibu, kaeni na fedha zenu. Filamu ikikamilika na kuonyeshwa Mlimani City, mtakwenda pamoja, mtalipa tiketi mlangoni, na yeye atakuwa amepata fedha yenu vilevile.